Uzi maalumu: Programu za kupangia na kuandikia riwaya, kwa simu na laptopu zetu hizi hizi

FUNDI KURASA (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Niko mjini hapa, steshenari moja si mbali na Mnara wa Saa. Nachapa, napanga kurasa za vitabu, natoa kopi. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, wanaoniletea miswada ya riwaya wamekuwa wengi, na kila mmoja akishalipa anabaki kaunta na swali lile lile: fundi, ni programu gani nzuri ya kuandikia riwaya? Nyuma yake kuna foleni ya watu wa kopi za vyeti vya kuzaliwa, wananisonya. Basi nimeona nijibu hapa, na wenye uzoefu waongeze.

Swali hilo mimi silijibu mpaka uniambie hadithi yako inakusumbua wapi.

Yuko anayesumbuliwa na miaka. Anaandika habari za ukoo mmoja wa Kibosho, kuanzia babu aliyeshuhudia chama cha ushirika cha KNCU kikianzishwa 1933, mpaka mjukuu anayeendesha bajaji Majengo. Shida yake ni hesabu. Mtoto aliyezaliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, hawezi kuwa askari vita vya Kagera vinapoanza 1978, ana miaka 11 tu. Mtu huyu hana haja ya programu ya riwaya hata kidogo, jedwali linamtosha. Fungua Excel, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure. Safu ya kwanza shusha miaka ya hadithi, mmoja mmoja. Kila mhusika mpe safu yake, chini ya jina andika mwaka aliozaliwa, kisha fomula moja: mwaka wa hadithi toa mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kuzaliwa ufunge kwa alama ya dola (mfano B$2) usihame, kisha buruta mpaka chini. Umri wa kila mtu unauona kwa kila mwaka, na aliyekufa unampaka kijivu kuanzia pale alipofia. Ipo programu ya kulipia inayofanya kazi hii kwa michoro ya kupendeza, Aeon Timeline, na ni nzuri kweli. Ila jaribu jedwali kwanza.

Yuko anayesumbuliwa na mpangilio. Matukio anayo, yamejaa kichwani, hajui lipi litangulie na lipi lifichwe mpaka mwisho. Programu za riwaya zilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna hii. Zote zinafanya jambo moja la msingi: zinaikata hadithi vipande, kila tukio linakaa peke yake na muhtasari wake, na unaweza kulihamisha kutoka sura ya tatu kwenda ya tisa bila kukata na kubandika kurasa kumi.

Na yuko ambaye haandiki. Ana ramani ya kijiji, ana majina ya wahusika mpaka ya mbuzi wao, ana programu nne tofauti kwenye mashine. Huyo anajijua, tusonge.

Scrivener ndiyo yenye jina kubwa. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Keith Blount, aliyekuwa anataka kuandika riwaya yake, akakosa programu ya kumridhisha, akajifunza kutengeneza mwenyewe. Ilitoka 2007 kwa kompyuta za Mac, ya Windows ikafuata 2011. Kushoto unaona sura na matukio yote. Ukitaka, kila tukio linageuka kadi kwenye ubao, unazipanga kwa kipanya na maandishi yanafuata. Kabla hujalifumua tukio unalihifadhi lilivyo kwa kubofya mara moja, na marekebisho yakikushinda unarudi ulikotoka. Bei ni kama dola 60, unalipa mara moja, haina ada ya mwezi. Kwa hela yetu ni kama laki moja na nusu. Kasoro yake kubwa kwa huku kwetu: haina toleo la Android. Kama nusu ya riwaya yako unaiandikia ndani ya Hiace ya Usa River, pima hilo kabla hujatoa hela.

Jingine, na hili mlishike, maana linaniletea watu wenye machozi kaunta. Mradi wa Scrivener kwenye Windows ni folda nzima, na ndani yake kila tukio lina faili lake la RTF. Kuna kifaili kidogo chenye mkia wa .scrivx, ndicho unachobofya ili mradi ufunguke. Mtu anakikopi hicho peke yake kwenye flashi, anakuja nacho mjini, kumbe maandishi yote yamebaki Tengeru. Beba folda yote, au ibane iwe zipu kwanza.

yWriter ni ya bure. Ni ya Simon Haynes, mwandishi wa riwaya wa Australia ambaye pia ni mtu wa kompyuta, aliyeitengeneza baada ya kuhangaika na riwaya yake ya kwanza kwenye mafaili marefu ya kawaida. Ukiitazama utadhani ni ya enzi za Windows ya zamani, haina urembo wowote, na inakwenda hata kwenye mashine iliyochoka. Kila tukio unaliwekea mhusika ambaye tunaona kwa macho yake, mahali, vitu vilivyomo, na hali: bado ni muhtasari, ni rasimu, au limeshahaririwa. Mtu wa Windows asiye na hela namwambia aanzie hapa.

Manuskript nayo ni bure, inakwenda Windows, Linux na Mac. Inakuongoza kwa ile njia ya Randy Ingermanson ya kuanza na sentensi moja, kuikuza iwe aya, aya iwe ukurasa, mpaka riwaya. Bibisco ya Muitaliano Andrea Feccomandi inakuhoji habari za mhusika wako kama karani wa sensa: anaogopa nini, anaficha nini, alilelewa na nani. Ina toleo la bure na la kulipia. Kwa wanaoandika wahusika wote wakifanana, hiyo ni dawa.

Karibuni.

CHALII WA SAKINA

Kiti cha mbele kabisa. Fundi heshima yako, ila umeongea laptopu tu. Sisi wa Tecno tunafanyaje? Mimi riwaya yangu yote ipo kwenye meseji ninazojitumia mwenyewe WhatsApp. Sasa hivi niko sura ya 14. Usicheke.

FUNDI KURASA

Sicheki chalii yangu, mko wengi kuliko unavyodhani.

Kwanza uokoe kilichopo. Fungua hayo mazungumzo yako, ingia kwenye vitone vitatu, tafuta "Export chat", chagua bila picha. Itakutolea faili la maandishi matupu, kila meseji ikiwa na tarehe na jina lako mbele. Tarehe tutazifuta kwa kompyuta, ni kazi ya muda mfupi. Ubaya wa kuandikia pale unaujua: ukishatuma una dakika 15 tu za kuhariri, na huwezi kuipandisha meseji ya mwezi wa tano ikae juu ya ile ya mwezi wa pili.

Baada ya hapo, kwa simu, kuna njia mbili ninazoziamini. Google Docs, ila usiiweke riwaya yote kwenye faili moja. Faili moja linabeba herufi milioni 1.02, riwaya ya kawaida haifiki huko, lakini simu ya bei ya chini inaanza kukokota miguu mapema sana. Kila sura faili lake, jina lianze na namba: 01, 02, 03, zikae folda moja kwa mpangilio. Kisha kila faili liwekee alama lipatikane bila intaneti, ili bando likiisha kazi iendelee. Faida yake kubwa ni historia ya matoleo: ukifuta aya kwa hasira usiku, asubuhi unaichimbua.

Njia ya pili ni Markor. Ndogo, bure, haitaki akaunti wala bando, inaandika maandishi matupu ambayo kila kompyuta duniani inayafungua. Haina mapambo. Word ya simu nayo unaweza kuhariri nayo bure kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1.

Ukipata visenti nunua kibodi ndogo ya bluetooth. Itakusaidia kuliko programu yoyote niliyoitaja hapo juu.

CHALII WA SAKINA

Oya hiyo ya Export nimeijaribu sasa hivi, imekubali! Kumbe nina maneno elfu 31. Nilijua ni elfu kumi hivi.

BINTI MAWENZI (Moshi)

Fundi naomba nikupinge kidogo. Hizo Scrivener na yWriter zote zinakufungia kwenye mpangilio wao: sura, tukio, kadi. Mimi nilivyo siandiki hivyo. Naanza na mtu mmoja, namfuata aendako, sijui mwisho wangu. Ukiniambia nijaze muhtasari wa tukio kabla sijaliandika hadithi inanifia mkononi.

Mimi natumia Obsidian. Ni bure, na kinachonivuta ni kwamba kila kitu ni faili la maandishi kwenye folda yangu mwenyewe. Kesho wakiifunga kampuni, mafaili yangu yapo. Kila mhusika ana ukurasa wake, kila mahali pana ukurasa wake, na nikiandika jina la mtu ndani ya mabano mawili ya mraba linakuwa kiungo. Nikifungua ukurasa wa shangazi naona matukio yote aliyotajwa. Ukoo ukiwa na akina shangazi watano na wote wameolewa Machame, utaona umuhimu wake. Kwenye Android ipo. Kuna plagini, yaani kiprogramu cha kuongeza ndani yake, inaitwa Longform, hiyo inazikusanya sura zote ziwe mswada mmoja ukiwa tayari.

FUNDI KURASA

Dada Mawenzi hujanipinga, umenijazia. Wewe hadithi inakusumbua kwenye watu na undugu wao, na Obsidian kwa hilo ni kiboko. Nitabisha jambo moja tu. Obsidian ina plagini kwa maelfu, na nimemwona mtu akimaliza mwezi anapanga rangi za viungo. Anayeanza asiweke hata moja zaidi ya hiyo Longform.

Halafu wenye moyo wa maandishi matupu lakini wanataka sura na matukio yakae mahali pake, watazame novelWriter. Ni bure, ya kompyuta. Unaandika kawaida, na mwanzo wa tukio unaweka mstari wenye alama ya @ kutaja nani tunaona kwa macho yake na tuko wapi. Mwishoni inakuchorea jedwali la nani yuko tukio gani. Ukiona mhusika mkuu hayupo sura sita mfululizo, unajua pana kazi.

MWL. KIBOSHO

Vijana mnahangaika. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa kizuizini gereza la Kamiti, Kenya, mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Hakuwa na kadi wala ubao. Sisi tumeandika kwenye daftari la kaunta, tukampa mpiga chapa, kitabu kikatoka. Programu haiandiki.

FUNDI KURASA

Shikamoo mwalimu. Ngũgĩ aliandikia karatasi ile kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo gerezani. Sisi tunayo nafasi ya kuchagua, ndiyo maana tunajadili. Ila upo ukweli ndani yake. Hata mwandishi George R. R. Martin wa Marekani, mwenye kila uwezo wa kununua, anaandikia WordStar, programu ya enzi za DOS kabla ya Windows, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, kwa sababu hataki mashine imsahihishe.

Kwa wanaopenda mkono, ushauri wangu ni mmoja: msiandikie mipango kwenye daftari lililoshonwa. Tukio la ukurasa wa nne likitakiwa kwenda wa arobaini, daftari halikubali. Nunua manila, ikate hivi kwamba kila eneo la ukubwa wa A4 litoe vipande vinne, kila tukio kipande chake: nani, wapi, kinabadilika nini. Vitandaze mezani au sakafuni, vihamishe, vifute, vitupe. Ukiridhika vipe namba kwa penseli na upige picha kwa simu kabla watoto hawajaingia. Huo ndio ule ubao wa Scrivener, na unagharimu manila mbili.

MWL. KIBOSHO

Marahaba. Hilo la manila nimelikubali. Hayo mengine nitayaangalia.

MAMA MIGOMBA (Marangu)

Mimi sitaki kujifunza kitu kipya kwa umri huu. Nina Word, nina faili moja la kurasa mia tatu na ushee. Nikitaka sura ya ishirini nashuka na kipanya mpaka mkono unauma. Kuna namna?

FUNDI KURASA

Mama, ipo, na ni ya dakika tano. Nenda kwenye kila jina la sura, libofye, kisha juu pale kwenye mitindo chagua "Heading 1". Kama ndani ya sura una matukio, yape majina ya muda na uyawekee "Heading 2". Ukimaliza nenda "View", weka tiki kwenye "Navigation Pane". Kushoto itatokea orodha ya sura zako zote. Ukibofya jina unafika papo hapo. Ukilishika jina na kuliburuta juu au chini, sura nzima inahama pamoja na maneno yake. Wengi wana Word miaka na miaka na hili hawalijui. Kwenye LibreOffice Writer ni hivyo hivyo, bonyeza F5.

Kwa hiyo mama wala usihame. Fanya hilo, halafu kila siku kabla ya kuanza kazi hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe. Likiharibika la leo, la jana lipo.

MAMA MIGOMBA

Imewezekana! Mungu akubariki baba. Sasa hizi nyekundu chini ya kila neno nazo zinanichosha macho.

FUNDI KURASA

Hizo ni kwa sababu Word inadhani unaandika Kiingereza. Chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, nenda "Review", halafu "Language", halafu "Set Proofing Language", tafuta Kiswahili. Kama huna kamusi yake, weka tiki kwenye ile ya kutokukagua tahajia, ukurasa utatulia. Na uzime usahihishaji wa moja kwa moja, huo ndio unaobadilisha maneno yetu kimya kimya bila kuuliza.

LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili cha Tanzania ya kuongeza bure. Na hapa niwakumbushe vijana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu zote kwa Kiswahili, enzi ambazo wengi wetu hatujagusa kompyuta. Msitarajie miujiza lakini. Kitenzi chetu kinabeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli zote ndani ya neno moja, kwa hiyo hakuna orodha ya maneno inayoweza kuvimaliza. Kitenzi kirefu kilicho sahihi kabisa kitapigwa mstari. Jicho la mhariri bado linahitajika.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wanaochanganya simu na kompyuta wanao bila kujua: ile ng'. Simu inaandika kialama kilichonyooka, Word inakipinda. Machoni ni kitu kimoja, ila kwa programu nyingi za maandishi matupu ni herufi mbili tofauti. Unatafuta "ng'ombe" ili umbadilishe awe mbuzi, inakwambia wako watatu, kumbe wako kumi na wawili. Kabla hujaleta mswada, chagua aina moja na ubadilishe yote. Mimi nikipanga kurasa hili ndilo jambo la kwanza ninaloangalia, maana kwenye fonti nyingine tofauti inaonekana wazi kabisa kwenye karatasi.

PASUA KWETU

Mimi nina kompyuta ya mezani, betri hakuna. Umeme ukikatika ndiyo imetoka hiyo. Ipi inahifadhi yenyewe?

FUNDI KURASA

Scrivener inahifadhi sekunde mbili baada ya vidole kutulia, hiyo imebuniwa hivyo. Google Docs nayo haikungoji. Word na LibreOffice kwa kawaida zinaweka akiba ya dharura kila dakika 10, na dakika 10 za mtu aliyeshikwa na hadithi ni ukurasa mzima. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhifadhi, ishushe iwe dakika 1. Na kidole chako kizoee Ctrl na S kila unapoweka nukta.

Nakala za akiba nazo tuelewane. Moja ibaki kwenye mashine, moja kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa dada, kwa jirani, popote pasipo hapo ulipo. Moja jitumie kwa barua pepe kila unapomaliza sura. Flashi unayoiingiza kwenye mashine za steshenari isiwe ndiyo hiyo ya akiba. Nasema nikiwa mwenye steshenari: mashine zetu zinaingiziwa flashi za mji mzima.

Wa Scrivener mnaoweka mradi kwenye Google Drive ili ufike kompyuta mbili, wenyewe walioitengeneza wanashauri msifanye hivyo kwa mradi mnaoendelea kuuandika. Wanapendekeza Dropbox, na kusubiri imalize kupakia kabla hujafungua upande wa pili.

KIJENGE JUU

Fundi hiyo Scrivener mbona ipo ya kuchakachua? Niliiona kwenye grupu moja la Telegram. Laki na nusu kwa mwandishi ambaye hajauza kitabu hata kimoja ni nyingi.

BINTI MAWENZI

Wewe unataka watu wanunue riwaya yako badala ya kutumiana PDF, halafu unaanza na ya kuiba? 😂

FUNDI KURASA

Dada kashamaliza. Ukiacha dhambi yake, programu iliyochakachuliwa hujui imebeba nini, nawe unaiweka kwenye mashine yenye kazi yako ya miaka miwili.

Tena huna sababu. Majaribio yao ni ya siku 30 za matumizi, na hazihesabiwi kwa kalenda. Ukiifungua Jumamosi na Jumapili tu, unakaa nayo wiki 15. Kwa miezi mitatu na nusu utakuwa umejua kama unaihitaji. Ikikufaa, lipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Ikikushinda, toa kazi yako iwe faili la Word na uhamie yWriter.

KIJENGE JUU

Sawa bosi, nimeelewa. Na malengo ya maneno je? Nimesoma kwamba riwaya ni maneno elfu hamsini, wengine elfu themanini.

FUNDI KURASA

Hayo ya elfu 50 yalienea kupitia NaNoWriMo, ule mchezo wa Wamarekani ulioanza 1999 wa kuandika maneno 50,000 mwezi wa Novemba. Shirika lenyewe lilitangaza kufunga 2025. Ni kipimo cha Kiingereza. Kwa jinsi vitenzi vyetu vinavyobeba mzigo, hadithi ile ile kwa Kiswahili inatumia maneno machache zaidi, kwa hiyo mtu anayejilazimisha afike elfu 80 kwa sababu kaona mahali, anaanza kujaza maji. Na programu hizi nyingi zina kile kimstari cha kijani kinachojaa kadiri unavyoandika, kinakufanya ujione shujaa. Kama unaandikia shindano, soma masharti yao, weka idadi wanayoitaka. Kama huandikii shindano, weka lengo la tukio moja kwa kikao, maneno yajihesabu yenyewe.

PASUA KWETU

Kuandika kwa sauti je? Nikiwa shambani mikono ina udongo.

BINTI MAWENZI

Inawezekana mkuu. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu 2017, na kuna chaguo la Kiswahili cha Tanzania peke yake. Kibodi ya Gboard, bonyeza maiki. Mimi naitumia kwa mazungumzo ya wahusika, yanatoka na mdundo wa mtu anayeongea kweli. Majina ya Kichagga na ya vijiji itayabomoa vibaya, kwa hiyo mhusika mpe jina fupi la muda, baadaye unabadilisha yote kwa mpigo. Alama za uakifishaji kaa chini uziweke mwenyewe.

KIJENGE JUU

Na AI hamjaigusa.

FUNDI KURASA

Hiyo ifungulieni uzi wake, hapa itameza kila kitu. Naweka mstari mmoja tu: kama unaandikia tuzo, soma masharti yao kuhusu hilo kabla hujaanza.

CHALII WA SAKINA

Fundi sasa nikishamaliza, wewe unataka mswada ukufikie vipi? Nisije nikaleta vituko.

FUNDI KURASA

Swali zuri, na huku ndiko programu zote zinakokutana. Haijalishi umeandikia wapi, mwishoni toa faili moja la Word, lenye mkia wa .docx. Sura zote ndani, kila jina la sura lina "Heading 1", kila sura inaanza ukurasa mpya kwa kuweka kikomo cha ukurasa ("Page Break"), usibonyeze Enter mara ishirini. Mwanzo wa aya usisukume kwa spesi tano tano, nitazifuta zote hata hivyo, na muda wa kuzifuta utakuwa kwenye bei yako. Kama tukio linaisha na lingine linaanza ndani ya sura ile ile, weka nyota tatu katikati ya mstari, maana nafasi tupu peke yake ikiangukia mwisho wa ukurasa haionekani na msomaji anapotea. Usichague fonti za mapambo wala kupanga ukubwa wa kitabu, hiyo ni kazi yangu. Majina na maneno ya lugha za nyumbani yaandikie karatasi ya pembeni jinsi unavyotaka yasomeke, ili nisiyasahihishe kimakosa.

Lije kwa flashi au barua pepe. Msiniletee picha za skrini.

CHALII WA SAKINA

Poa sana. Na bei kwa ukurasa ni shilingi ngapi?

FUNDI KURASA

Njoo inbox mkuu.

MAMA MIGOMBA

Na mimi naja huko huko inbox. Ila niwekeeni kwanza hizo nyota tatu zinawekwaje zikae katikati.

BINTI MAWENZI

Mama, andika nyota tatu kwenye mstari wake, kisha Ctrl na E.